Vyumba Vinane vya Maweni na Mwaka Uliokaa Nyumbani

Mwanangu Rukia,

Nakuandikia baada ya sala ya alasiri. Umekwenda Sabaki kumuaga shangazi yako, babako yuko karakanani, na nyumba imetulia hata namsikia jirani akikuna nazi. Nataka nimalize kabla hujarudi. Ukinikuta na kalamu utaniuliza naandika nini, nami nitasema naandika vitu vya sokoni, na utakuwa uongo mwengine. Nimeshakudanganya mara moja katika jambo kubwa. Yatosha.

Habari za kula, kuvaa na kufunga mlango sitaziandika. Umemaliza chuo cha uuguzi, umeuguza watu wazima ukawavusha, hutashindwa kujivusha mwenyewe. Baridi ya huko Nakuru uendako kazini utaizoea au utanunua sweta la pili.

Ninalotaka kukuandikia ni ile karatasi uliyonionyesha juzi. Ulinieleza kwa furaha hata chai yako ikapoa. Wenzako wawili mliosoma pamoja wametangulia Nakuru, wameona nyumba ya vyumba kumi na viwili inauzwa, na mkianza kazi mtachukua mkopo watatu nyinyi muinunue. Ukaniandikia hesabu: vyumba, mara kodi, mara miezi kumi na miwili. Ukapiga mstari chini, ukaurudia, kisha ukanitazama. Nikasema "Mashaallah," nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Najua uliona. Hukuuliza, kwa kuwa wewe si muulizaji. Leo nakujibu.

Unakumbuka hoteli ya Watamu ilipofungwa, tukapewa kiinua mgongo. Miaka ishirini na miwili nilitandika vitanda vya watu. Nilipewa shilingi milioni moja na laki nne, na wallahi nilidhani ni fedha zisizoisha. Wiki ya pili akaja dalali mmoja, mtu wa maneno matamu, akanipeleka Maweni kuviona vile vyumba vinane. Vilikuwa vimepakwa rangi ya buluu, mbichi bado. Kila mlango una pazia, kila pazia lina mtu nyuma yake. Ilikuwa Novemba, wageni wanaanza kuingia na mahoteli yanaajiri.

Dalali akasema, "Mama, hapa ni kuhesabu tu. Vyumba vinane, kila kimoja elfu tatu. Ishirini na nne elfu kwa mwezi. Kwa mwaka ni laki mbili na elfu themanini na nane. Nyumba inauzwa milioni mbili. Miaka saba pesa zako zimerudi zote, na nyumba iko pale pale, wala haiendi popote."

Nilirudi nyumbani nikamweleza babako kama ulivyonieleza wewe juzi. Alikuwa akipiga randa mlango wa mtu. Hakusimamisha kazi. Aliuliza swali moja tu: "Chumba kikiwa kitupu, nani atalipa?"

Nikamjibu, "Baba Rukia, wewe hupendi kuona mtu akiinuka."

Maneno hayo nilimwambia mtu aliyekuwa akinisindikiza kituoni saa kumi na moja alfajiri kila siku ya kazi, miaka yote ishirini na miwili. Na nilipomwambia zimepungua laki sita, na benki inataka hati ya shamba la Dabaso iwe dhamana, shamba aliloachiwa na mamake, alikwenda kuitoa hati kwenye sanduku akanipa. Akasema, "Shamba ni letu sote."

Basi nikanunua. Nikajua siku ile ile kwamba bei ya nyumba si bei ya kununua nyumba. Wakili akataka elfu hamsini. Ushuru wa serikali ukaja elfu themanini. Dalali, yule yule wa maneno matamu, akataka elfu sitini zake. Laki moja na elfu tisini, na mimi sikubakiwa na hata shilingi. Nilikuwa nimeweka kila kitu kwenye bei.

Zilikuwako pesa nyengine ndani ya nyumba hii, laki moja na elfu tisini kasoro kidogo. Wajua zilikuwa za nini. Babako alikuwa akiziweka tangu uko darasa la sita, mlango mmoja baada ya mwengine. Nikajiambia nazikopa tu, wapangaji wakilipa miezi minne nitarudisha angalau karo ya muhula wa kwanza, na wewe huanzi chuo mpaka Machi.

Machi ilipofika sikuwa nazo. Ulikuwa na barua ya kukubaliwa, umeiweka ndani ya msahafu isikunjike. Nikakuita chumbani nikakwambia nimepiga simu chuoni, wamesema nafasi zimejaa, usubiri mwaka ujao. Ukasema, "Hewallah, mama." Ukaenda kuosha vyombo. Babako nilimpa uongo ule ule.

Mwanangu, chuo hakikujaa. Karo niliitia mimi Maweni.

Nikueleze mwaka ule ulivyokwenda, kwa sababu ndiyo hesabu yenyewe, na sikuifundishwa na mtu mpaka iliponipiga. Desemba hadi Machi vyumba vyote vilikuwa na watu na kodi ikaja. Nikajiona nimefika. Mvua za masika zilipoanza, wageni wakapungua, mahoteli yakawarudisha watu makwao, na wapangaji wangu karibu wote walikuwa watu wa mahoteli. Mimi! Mimi niliyerudishwa nyumbani kila Aprili kwa miaka ishirini na miwili, nikala muhogo mpaka Julai, sikufikiri kwamba mpangaji wangu ni mtu kama mimi. Wakaondoka vyumba vitano. Wawili waliondoka alfajiri na godoro, wakaniachia deni la elfu kumi na tano.

Vyumba vitatu vikabaki na watu hadi Julai. Agosti wakarudi wachache, vikawa sita. Mwaka mzima nilipokea laki moja na elfu themanini na tisa. Sasa toa. Upepo wa chumvi ulikuwa umekula mabati, ile rangi ya buluu iliyaficha tu: elfu arobaini na sita. Vitasa, bawaba na rangi tena, elfu ishirini na moja. Gari la kunyonya choo mara tatu, ishirini na saba elfu. Maji yalikuwa na mita moja kwa nyumba nzima, nami ndiye mlipaji, kwa hivyo watu wakifua mpaka mazulia: elfu thelathini. Kodi ya kaunti elfu nane. Mkononi mwangu zilibaki elfu hamsini na saba kwa mwaka, na benki kwa mwaka huo huo ilitaka laki moja, elfu tisini na sita, na mia nane.

Pungufu laki moja, elfu thelathini na tisa, na mia nane. Nimeiandika kwa maneno kwa kuwa nilikuwa nikiiona usingizini.

Julai ikaja barua ya benki. Nilikuwa nimeruka miezi miwili. Walikuwa wanalitaja shamba la Dabaso kwa namba yake, kama mtu anavyotajwa jina lake kamili mahakamani. Nikaikunja nikaificha ndani ya debe la unga. Babako akaikuta alipokwenda kuchota unga wa kutengenezea gundi ya karatasi za madirisha. Sikujua kwamba ameikuta. Niliona tu jioni moja anarudi kutoka karakanani, nikamuuliza mbona leo sikusikia mashine. Akaniambia, "Nimeuza ule msumeno wa umeme. Stima imekuwa ghali. Wa mkono hauna bili." Akaniwekea elfu hamsini na tano mezani, akaenda kuoga.

Mwaka mmoja na nusu alikata mbao kwa mkono, na mabega yake unayajua. Neno "nilikwambia" halikumtoka. Hata leo. Nimelingoja miaka sita na halikuja, na nimeshaamini halipo moyoni mwake. Katika mambo ninayomshukuru Mungu, hili huanza nalo.

Mimi nikaenda Maweni na dawa yangu. Nilikuwa nimeamua kupandisha kodi, wale watatu waliobaki walipe elfu tatu na mia tano. Nikaanza kwa Dama. Unamjua Dama, lakini wakati ule mimi sikumjua kama unavyomjua wewe. Nilimjua ni Mgiriama wa Matsangoni, mpishi wa shule ya msingi, anakaa chumba cha mwisho karibu na choo na halalamiki. Nilimkuta anapepeta mchele wa mawe. Nikasema niliyokwenda kusema.

Akaweka ungo chini. "Mama Rukia, keti kwanza."

"Sikuja kuketi."

"Basi simama, lakini sikiliza. Ukipandisha, mimi nahama. Yule wa sokoni atahama, na yule dobi atahama. Sisi tuna mishahara midogo lakini yatoka mwaka mzima. Chumba kitupu chakulipa ngapi?"

Akanijibia mwenyewe.

"Hakilipi hata mia. Ungepunguza ukaweka elfu mbili na mia tano, ukawatafuta watu kama sisi, wa shule, wa sokoni, wa hospitali, vyumba vinane vingejaa mwaka mzima. Haya, hesabu."

Nikahesabu pale pale, nimesimama. Laki mbili na elfu arobaini. Kwa elfu tatu, hata kama hakuna aliyetoroka, na Agosti vyumba vikirudi sita, ningepata laki mbili na elfu nne. Nikahesabu tena. Ikaja vile vile. Ndipo nikaketi.

Dama akaendelea kupepeta. "Na kila mlango uwe na mita yake ndogo ya maji. Mtu akilipa maji yake mwenyewe hafui zulia."

Sikuwa nimemwambia kwamba nilikuwa na shida. Nilimuuliza amejuaje. Akaniambia, "Mwenye nyumba mwenye raha haji kudai kwa miguu jua la saa saba."

Desemba, mwaka wangu wa pili ulipoanza, tulifanya kama alivyosema. Yeye nikamweka awe msimamizi, alipe nusu ya kodi, na tangu siku hiyo hakuna aliyetoroka na godoro, kwa kuwa Dama huamka kabla ya jogoo. Mwaka wa pili bado nilipungukiwa, elfu thelathini na kitu, nikazijaza kwa kuuza chapati. Mwaka wa tatu nikasawazisha. Wa nne mkopo ukaisha, hati ikarudi. Babako aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Mwaka jana, baada ya matengenezo yote na kodi zote, nilibakiwa na laki moja na elfu sabini. Ni pesa nzuri, Alhamdulillahi. Ndizo zilizokulipia muhula wa mwisho. Lakini chukua bei ya nyumba, tia gharama za kununua, tia riba niliyolipa benki miaka minne, yote yafika milioni mbili, laki tatu na elfu sabini na saba. Ukigawa, utaona yule dalali aliposema miaka saba, ukweli ni miaka kumi na minne. Kila elfu moja niliyoitia pale hunizalia kama shilingi sabini na moja kwa mwaka. Hayo ndiyo mapato. Yanayopita mkononi kwenda kwa fundi, benki na serikali ni ya watu, mimi nayashika tu njiani.

Kwa hivyo ile karatasi yako, mwanangu, usiichane. Iendeleze. Chini ya ule mstari andika watakaokaa humo ni nani, na mishahara yao hukatika mwezi gani. Nakuru kama kuna wanafunzi, wakifunga chuo nani analipa? Mwaka wa kodi mimi sasa nauhesabu miezi kumi, ikija ya kumi na moja nashukuru. Nenda ukaitazame nyumba siku ya mvua, tena kwa nyuma, si kwa mbele. Muulize mpangaji, usimuulize dalali. Na nyinyi watatu mmependana, lakini mmoja akihamishwa kazi au akaolewa, sehemu yake ya mkopo ataibeba nani? Andikeni mkiwa bado mnacheka.

Nimeshaandika hayo yote, na bado sijafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Maweni kumwambia Dama kwamba umepata kazi, waondoka. Akafurahi, akasema atakupikia kimanga. Kisha akasema, "Yule mtoto ana kifua."

"Kifua cha nini?"

Akanitazama, akaona sijui. Alitaka kubadilisha maneno lakini nilikuwa nimeshamshika mkono. Basi akanieleza. Masika ya mwaka ule, wiki chache baada ya mimi kukwambia nafasi zimejaa, ulikuwa umepiga simu chuoni mwenyewe. Wakakwambia jina lako liko, kinachongojewa ni karo. Ukanifuata Maweni kuniuliza, hukunikuta, ukaikuta milango mitano imefungwa na makufuli. Ukakaa kizingitini kwa Dama ukalia.

"Nikamwambia arudi nyumbani akuulize," Dama alisema. "Akafuta uso. Akasema, basi nitafute kazi. Mama asijue kwamba najua, ataona haya."

Rukia. Ulikuwa na miaka kumi na minane.

Ndiyo maana ukaenda kwenye lile duka la dawa, kusimama kutwa nyuma ya meza, na kila mwisho wa mwezi ukinitilia elfu nne mkononi, "Mama, za sabuni." Sabuni gani ya elfu nne? Nami nikizipokea, nikijisifu nimelea mtoto mkarimu, nikizipeleka benki. Miezi minane mwaka ule, elfu thelathini na mbili. Shamba la bibi yako lilishikiliwa na msumeno wa babako, chapati zangu, na miguu yako. Mimi nilidhani nakuficha wewe, kumbe wewe ndiye uliyenificha mimi, miaka sita, wala siku moja hukunitazama kwa jicho la mtu anayejua.

Nilirudi nyumbani nikamwambia babako yote, la karo pamoja. Alikuwa hajui. Nilimwona anavyolipokea, lilimuingia. Aliniuliza, "Umemwambia mwenyewe?" Nikasema bado. "Basi mimi nishanyamaza," akasema. "Mwambie mwenyewe kabla hajapanda basi."

Sikuweza kwa mdomo. Nimejaribu jana na leo asubuhi, ulipokuwa ukinisukia nywele. Nakuomba radhi kwa maandishi. Nilikuchukulia mwaka mmoja wa maisha yako bila kukuuliza, kisha nikakudanganya. Usiniambie kwamba ulikuwa na kheri yake, kwamba duka la dawa lilikufunza majina ya dawa. Najua utataka kusema hivyo. Niache nilibebe kidogo, ni langu.

Na nakushukuru. Sijawahi kumwambia mtu ahsante nikaona neno limekuwa fupi hivi. Nakushukuru kwa elfu nne, na zaidi kwa haya ulizonisitiria. Mungu akusitiri kila utakapokuwa umefunuliwa, na huko Nakuru akupe majirani mfano wa Dama.

Kununua ile nyumba au kuiacha, hilo nakuachia wewe na wenzako. Sina la kukukataza. Utahesabu, tena vizuri kuliko mimi, na bado kuna kitu utakisahau, kwa kuwa kila mwenye kuhesabu husahau kitu. Siku utakayokiona, usikifiche kwenye debe wala usilie kizingitini kwa mtu. Nipigie simu siku ile ile. Nitapanda basi la kwanza, na nikifika sitakuuliza ulihesabu vipi. Nitakuuliza umekula nini, kisha tutakaa chini tuanze kuhesabu upya, wawili.

Nakusikia langoni ukimwamkia babako.

Mamako,
Mwanajuma